Mvuke Kwenye Kioo: Maisha ya Fundi Theophil Ndunguru wa Gerezani

Wafiwa wenzangu, majirani wa Gerezani, ndugu mliotoka Umatengo na wenyeji wetu wa Pwani mliotupa jamvi la kukalia, familia imenituma mimi Gaudens, mdogo wake marehemu, niwasomee alivyoishi kaka yetu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa limo humu jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisirukwe wala lisilainishwe.

Theophil Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Agosti 1926 huko Kigonsera, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1936 hadi 1939, na walimu walipoona mikono yake inaelewa haraka kuliko kichwa chake, wakampeleka karakana ya matofali na vigae, akajifunza kuponda udongo, kuushindilia kwenye kalibu, kuuanika na kuuchoma. Kitu kimoja tu hakikumwingia, nacho ni kungoja, na mama yetu alikuwa akimfukuza jikoni kwa mwiko kwa sababu ya kufunua chungu kabla chakula hakijaiva.

Mwezi Machi 1949 alikuja Dar es Salaam, akafanya kibarua cha reli hapa Gerezani, na mwaka 1952 akaingia kwa mkandarasi wa majengo kama fundi sakafu, kazi aliyoifanya maisha yake yote, na baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1968, akajiunga na ushirika wa mafundi ujenzi. Tarehe 11 Julai 1953 alifunga ndoa na shemeji yetu Angelina Kapinga, mama mnayemwona amekaa hapo mbele, wakajaliwa watoto wawili, Selina aliyezaliwa mwaka 1954 na Augustino aliyezaliwa mwaka 1957. Tangu mwaka 1955 waliishi katika nyumba hii mliyokaa sasa, kama wapangaji wa marehemu Mzee Uwesu na mkewe, Bi Sitara binti Mwinyimvua, ingawa neno upangaji lilikwisha kusahaulika, maana watoto wa chumba hiki walikula chumba kile na hakuna aliyeuliza ni wa dini gani.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Vigae hivi vyekundu vya ukumbini, vilivyo chini ya jamvi lenu, vilitandikwa kwa mkono wa Mzee Uwesu mwenyewe, na alipofariki mwaka 1975 vilikuwa vimefunikwa na matabaka ya rangi ya sakafu mpaka vimekuwa vyeusi. Bi Sitara alitaka kumsomea mumewe hitima ya mwaka, mwishoni mwa Mei 1976, na akamwomba Theophil airudishe sakafu kama alivyoiacha mumewe. Theophil alikubali kwa moyo mweupe, akabandua rangi kwa mafuta ya taa na kisu kipana, akasugua kwa magadi na brashi ya makumbi, akasuuza, wekundu ukatokea, na Bi Sitara akalia kwa furaha mlangoni.

Ila vigae vya udongo vina vinyweleo, vinakunywa maji, na kabla ya kuvishibisha mafuta ya kitani na kuvipaka nta ya nyuki sharti vikauke hadi ndani kabisa, na mwezi ule ulikuwa wa masika. Fundi hujua kwa kulaza kipande cha kioo juu ya kigae, akikiacha kilale hapo, kisha anakigeuza, na kama upande wa chini una mvuke basi kigae bado kina maji. Siku mbili kabla ya hitima Theophil aligeuza kioo chake akakuta mvuke, akautazama, akaufuta kwa mkono wa shati, akaenda kuchemsha mafuta. Alikuwa ameahidi, wageni walikuwa wamealikwa, na yeye ndiye fundi ambaye mtaa mzima ulimsifu, hivyo aibu ya kusema sakafu haiko tayari aliiona kubwa kuliko kigae chenye maji.

Hitima ilisomwa, sakafu iking'aa, na masheikh wakaisifu. Haukupita mwezi, chumvi nyeupe ikaanza kuchomoza, nta ikafanya mabaka, na uso wa vigae ukawa unabanduka kama ukoko wa wali, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani yalikuwa yanatafuta pa kutokea. Bi Sitara alimwita fundi wake akamwuliza kulikoni, na kaka yetu, ambaye jibu alikuwa nalo mkononi mwa shati lake, akasema, "Sakafu hii imepigwa deki kwa maji ya kisima."

Maji ya kisima chetu yana chumvi, kila mtu anajua, na mabomba mwaka ule yalikuwa makavu, na aliyekuwa akipiga deki nyumbani humu alikuwa mmoja tu, Zena, mke wa Bakili, mtoto wa pekee wa Bi Sitara. Zena alikuwa mkwe mpya aliyetoka Kigamboni, mja mzito, na kila alfajiri alikuwa ameshika ndoo kabla wenzake hawajaamka. Bi Sitara alimwambia maneno ambayo sitayarudia, kwamba ameharibu kazi ya mikono ya marehemu, na Zena alipokana akaitwa mwongo, mpaka ikabidi aitwe mjumbe wetu wa nyumba kumi, Ndugu Sadalla, kusuluhisha. Mbele ya baraza lile, uani, watu wamejaa, Theophil aliulizwa tena, na hapo alikuwa na nafasi nzuri ya kusema kweli, akarudia yale yale.

Zena alifunga nguo zake akavuka kwao kwa pantoni, akiapa kwamba hatashika tena ndoo wala tambara la deki katika nyumba hii, na Bakili, baada ya miezi ya kwenda na kurudi, akahamia huko huko kwa mkewe. Bi Sitara akabaki na wapangaji wake, wajukuu wakizaliwa na kukua ng'ambo, pale unapoweza kuona mapaa ya nyumba zao ukisimama Kivukoni.

Tangu hapo Theophil hakuwa mtu yule. Kila kiangazi alipiga magoti ukumbini, akisugua chumvi kwa brashi kavu, akivipaka vigae uji wa magazeti yaliyolowekwa pamoja na udongo mweupe, unaovuta chumvi kadiri unavyokauka, akiubandua, akianza upya. Majirani walisema huyu ni binadamu wa kweli, na Bi Sitara kila Ramadhani alimpelekea sahani ya kwanza ya futari, kabla ya mtu mwingine yeyote, naye aliila akiwa ameinamisha kichwa. Sisi ndugu zake tulimtania kwamba amechumbia sakafu, na leo utani ule unatuchoma. Kiangazi cha mwaka 1982 alingoja mpaka kioo kikatoka kikavu, akakilaza tena, kikatoka kikavu tena, ndipo akapaka mafuta na nta.

Mwezi Januari 1983 alianza kuumwa ini, akalazwa mara mbili, na mwezi Mei, madaktari walipomwambia mkewe aende naye nyumbani, alimwomba Augustino ambebe mpaka kwa Bi Sitara, akaketi, akasimulia yote, kioo, mvuke, mkono wa shati, baraza. Bi Sitara akasema, "Wewe ulisema neno moja, Theophil. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto wa watu nyumbani kwangu bila kumsikiliza." Naye Theophil akamwambia, "Lilisemwa mbele ya watu, Bibi. Nikifa lirudishwe mbele ya watu, mimi sina nguvu tena ya kuwakusanya."

Bi Sitara alivuka Kigamboni siku ya pili yake, na magoti yake yale mnayoyajua, akamwomba radhi mkwewe, akamweleza kwamba Theophil anamngoja. Zena alimpokea kwa shikamoo, akampa kiti na maji ya kunywa, lakini kuja hakusema kama atakuja, na kaka yetu kila mlango ulipobishwa aliuliza ni nani. Alifariki tarehe 9 Agosti 1983, chumbani kwake, bila kupata jibu alilolingoja.

Basi, kwa agizo lake, mbele ya majirani wale wale na mbele ya Ndugu Sadalla, familia inatamka: Zena hakuharibu sakafu. Ilifungwa ikiwa na maji, na aliyeifunga alijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wanaushirika wenzake waliotengeneza jeneza hili, majirani waliokesha nasi, na zaidi ya wote Bi Sitara, ambaye chumba chetu kilipokuwa kidogo kwa jeneza alisema marehemu alazwe ukumbini, juu ya vigae vya mumewe. Yupo mwingine wa kushukuriwa. Leo asubuhi, kabla jeneza halijaingizwa, Zena alishuka kwenye pantoni, akapita hapa bila kumsemesha mtu, akateka maji kisimani, akapiga magoti, akaupiga deki ukumbi wote kutoka ukutani hadi mlangoni, na maji ya kisima yakasimama juu ya vigae matone matone, yakakataa kuingia, akayafuta kwa tambara, akaenda kukaa karibu na mama mkwe wake, na yuko pale.

Kaka, uliuliza ni nani anayebisha hodi. Ni yeye. Pumzika sasa kwa amani, sakafu imekauka.