Sindano Tatu za Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi,

Mwaka 2019, majira ya baridi, ulifika katika chumba hiki hiki, ukakalia kiti hicho hicho. Karibu tena. Mguu wa kiti uliolegea tumeupigilia msumari.

Historia yetu

Sisi ni wanawake kumi na mmoja. Tunapamba nguo kwa sufu bila kutumia uzi: sifongo chini, nguo katikati, sufu juu; kisha tunadunga kwa sindano yenye vijino hadi sufu ishikamane na nguo. Sindano hiyo hudungwa wima. Ikilazwa, huvunjika. Wajukuu wetu huelewa hilo siku ya kwanza.

Mafanikio

Tulikuwa na sindano tano. Ulitaka upigwe picha ukidunga. Mwenyekiti wetu akakwambia, "Ishike wima, baba." Ukamjibu, "Mama, mimi nimeshika mambo mazito kuliko sindano." Ikavunjika. Mpiga picha akasema hakuwa tayari. Ikavunjika ya pili. Ya tatu ilikuchoma kidole kwanza, ndipo ikavunjika.

Picha ilitoka vizuri. Tunasikia imetundikwa ofisini kwako.

Changamoto

Uliahidi kuzirudisha Jumatatu. Hatukuuliza Jumatatu ya mwaka gani. Kosa ni letu. Sindano hizi haziuzwi mjini, huagizwa kupitia ofisi yako. Tangu siku ile, kumi na mmoja tunapokezana mbili.

Shule ya jirani imetuletea sweta arobaini zilizoliwa na nondo, tuzibe matundu kwa mapambo ya sufu yenye umbo la majani kabla ya muhula kuanza. Tumekamilisha kumi na nane. Tukichelewa, zitapelekwa kwa fundi wa cherehani, nasi tutafunga mlango huu.

Maombi

Tunaomba sindano tatu. Hotuba tunazo za kutosha.

Tunaomba pia, kwa heshima zote, leo usidunge chochote. Kwa ajili ya picha tumekuandalia shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Hiyo haivunjiki.

Hitimisho

Nasi tunacho kitu chako. Siku ile tulikufunga kidole kwa leso yako, ukaondoka ukaisahau mezani. Tumeifua kwa maji baridi, damu imetoka, tumeipiga pasi. Pembeni tumeipamba kwa picha za sindano tatu za sufu ya kijivu, zilizovunjika ncha, usije ukasumbuka kukumbuka idadi.

Mwenyezi Mungu akujalie afya njema na kumbukumbu nzuri zaidi. Mwenyekiti wetu anakurudishia leso yako sasa hivi, mbele ya watu wote. Ipokee.

Ni sisi,
Kikundi cha Sindano Bila Uzi