Mwalimu Emiliana na Mstari wa Katikati ya Ubao

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni. Leo namkumbuka Mwalimu Emiliana Chidosa, aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, huku upande wa Hombolo. Darasa la kwanza, miaka thelathini na moja! Hata mimi ndiye aliyenifundisha kusoma. Na nawaambia ukweli, tangu tumzike juzi, akili yangu imevurugika.

Somo lake mnalikumbuka mliopita kwake. Anapiga mstari katikati ya ubao. Huku MJINI, huku KIJIJINI. "Mjini kuna lami. Kijijini kuna ng'ombe." Tunasoma kwa pamoja mpaka koo zinakauka. Ole wako uandike ng'ombe upande wa lami!

Mwaka huu wapima ardhi wakapita, wakasimika mawe ya mipaka hadi ndani ya mizabibu yake. Ndipo mtoto Tabu, wa darasa lake, akauliza, "Mwalimu, sisi tuko upande gani?" Mwalimu akabaki na chaki mkononi, anautazama ubao.

"Tabu, nitakujibu kesho."

Kesho yake akaamka mgonjwa. Hakurudi tena darasani.

Sasa sikieni. Alipofariki, mdogo wake, Mzee Lameck, akachimbisha kaburi nyumbani, kando ya mizabibu, alikolala baba yao. Akanipigia simu, nikatangaza hapahapa: maziko ni nyumbani. Jioni mwenyekiti wa mtaa akaja. Akasema hapa sasa ni viwanja vya mjini, hazikwi mtu uani. Mzee Lameck akawaka, "Mji gani huo? Mimi nachota maji kisimani!" Binti wa marehemu, Anna, akamsihi, "Mjomba, je, wakija kumfukua mama baadaye? Sitaki." Wakakubaliana makaburi ya mtaa.

Nikatangaza upya. Lo! Wengi walishashika tangazo la kwanza. Siku ya maziko watu wamejaa nyumbani, jeneza liko makaburini. Nisameheni, jamani.

Likabaki lile shimo. Wazee wakakataa lifukiwe tupu. Kaburi likishachimbwa, wakasema, lazima lipewe kitu cha mwenyewe. Mzee Lameck akaingia ndani, akatoka na ubao mdogo ambao dada yake alifundishia watoto wa jirani. Mstari bado upo katikati. Akaulaza shimoni, akafukia mwenyewe huku analia.

Tabu alikuwepo. Akanivuta shati, "Mwalimu yuko kule makaburini, au yuko hapa?"

Mtangazaji mzima, miaka kumi na tano kwenye kipaza sauti, nikajifanya napokea simu!

Mzee Lameck na familia, poleni sana. Dada Anna, pole sana, Mungu awatie nguvu. Nanyi mliosomeshwa naye, mkitulia leo, jiulizeni majina yenu mngeyaandika upande gani wa ule mstari. Mimi nimejaribu tangu juzi, nimeshindwa.

Tabu, mwanangu, kama unanisikia, nitakujibu kesho.