Bi Mwamini Aliyepima Vikombe kwa Kiganja

Bi Mwamini Abdulmajid anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Buzebazeba kwa miaka kumi na tisa.

Ni mzaliwa wa Kasingirima, na kabla ya kuja kwetu alikuwa akianika dagaa ufukweni. Aliajiriwa kukata picha za pasipoti, enzi karakana ikiwa bado studio ndogo. Simu zilipotunyang'anya wateja wa picha, mkurugenzi wetu, Bwana Oswald, alinunua mashine ya kuchapa picha kwenye vikombe, na Bi Mwamini akahamia huko.

Mwanzo ulikuwa wa hasara. Kikombe hutoka kwenye mashine kikiwa na moto wa kubabua ngozi, nasi tulikuwa na haraka. Tulivitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, vikapasuka. Tukavipanga kwenye sakafu ya saruji, vikaingia nyufa ambazo mteja aliziona chai ilipomwagikia mezani. Bi Mwamini ndiye aliyeleta kichanja cha waya cha kuanikia dagaa, akatandika kitambaa chepesi kikavu, akakiweka mbali na feni na upepo wa ziwani. Vikombe vilikaa hapo kwa kuachana, vikapoa vyenyewe taratibu, vikiwa vizima. Ila kichanja hakikuwa kimeoshwa vya kutosha, na maharusi fulani wa Ujiji wakapokea vikombe vyenye picha yao na harufu ya dagaa. Bwana harusi, ambaye ni mvuvi, alisema haoni tatizo. Bibi harusi aliliona.

Kuamua kama kikombe kimepoa ilikuwa kazi yake. Alikizungushia kiganja, na akisema kimepoa, kinafungwa kwenye boksi. Kazi hiyo ilimpa jina mjini. Katika vikao alisifiwa kwa mkono wa chuma, na mwaka mmoja alizawadiwa doti ya kitenge kwa sifa hiyo. Wapo watakaosema hafla ya kuagana si mahali pa ubishi. Mimi nasema ndipo hasa. Hakuna anayezaliwa na mkono wa chuma. Mkono hugeuzwa hivyo kwa kuungua kila siku, mahali ambapo glavu hazinunuliwi kwa sababu yupo mtu asiyelalamika. Karakana nzima ya watu wazima iliona jeraha, ikaliita kipaji.

Mwezi Machi mwaka huu, Bi Mwamini alimkabidhi Yunisi, mwenye mgahawa kule Bangwe, kikombe alichokwisha kukipima. Yunisi alikiachia papo hapo. Kikavunjika, na kiganja chake kikatoka malengelenge. Hata hivyo alimtania: mama, wewe una mkono wa chuma, wenzako tuna ngozi. Watu wakacheka. Bi Mwamini aliinama, akaokota kigae kimoja, akakishika kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Bwana Oswald akamwambia ni bahati mbaya tu, aendelee na kazi. Alimjibu mbele yetu wote:

"Mkono wangu haujui tena moto, Oswald. Leo nimemuunguza mtu mzima. Kesho nitaunguza mtoto."

Akaiacha kazi iliyompa jina siku hiyohiyo. Alikubali kubaki, kwenye ukataji wa karatasi, kwa sharti kwamba kila mtu apewe glavu, na kikombe kisifungwe mpaka watu wawili wakishike bila glavu na wote wawili wakubali kimepoa. Glavu zilinunuliwa wiki hiyo. Tangu hapo hajaungua mteja wala mfanyakazi.

Bi Mwamini, asante kwa kazi yako, na asante zaidi kwa kujua wakati wa kuiacha. Daktari amekwambia huenda hisia zikarudi vidoleni polepole, mikono ikipumzika. Basi tunakutakia asubuhi moja, nyumbani kwako, ushike kikombe cha chai, kikuunguze, ukitue chini upesi na usubiri kipoe.