Cleopa Ameongezewa

Ndugu waombolezaji, sijaanza hata kusoma na hapo barazani kuna vichwa vimeshaanza kutikisika, nimeviona, basi anayeijua habari hii kuliko mimi niliyemlea marehemu aje asome yeye, na asiyeijua atulie, maana mmekula ugali wa msiba huku mkinong'ona kwamba Cleopa aliikimbia nyumba yake, kwamba jeshi halimng'ang'anii mtu aliyemaliza mkataba, kwamba alikuwa na mwanamke huko kambini, na mke wake Agness amekaa hapo hapo anawasikia. Leo mtanisikiliza mimi.

Marehemu Cleopa Lupakisyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika kambi ya wakata mkonge, Kimamba, mtoto pekee wa kaka yangu Lupakisyo, aliyetoka Tukuyu akiwa kijana na kusema anakuja kukata mkonge msimu mmoja tu. Mama yake marehemu alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, ndipo mimi Anastazia, shangazi yake, nikamfunga mgongoni, na sikumshusha mpaka aliponizidi uzito. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kimamba kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, hakuchaguliwa kuendelea, kama ambavyo hakuchaguliwa yeyote wa darasa lake, akaingia karakana ya shamba na kujifunza ufundi wa injini, kazi aliyoipenda kuliko kula.

Tarehe 1 Julai 1982 aliandikishwa jeshini kwa mkataba wa miaka sita, kwa hiari yake, hilo silifichi, alitaka kujifunza malori makubwa kisha arudi huku Masanze, baba yake alikokuwa ameshahamia, afungue mashine ya kukoboa mpunga hapo jirani Tindiga. Mambo ya biashara yalipofunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kuuza na kukoboa chake, mashine zikaota hadi kwa watu wasiojua kukaza nati, naye akatuma salamu kwamba Juni 1988 yuko nyumbani, baba yake akamtafutia kiwanja.

Julai 1988 nilikuwa stesheni ya Kilosa nauza ndizi, na Dotto, kijana wa Usukumani aliyekuwa kikosi kimoja na marehemu, alikuwa ndani ya treni anakwenda likizo kwao, akaniona treni ikiwa imeshaanza kuondoka, akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, shangazi shikamoo, Cleopa ameongezewa, na maneno mengine treni ikaondoka nayo. Sasa sisi huku mwanajeshi akiongezewa tunajua ni tepe la begani, nani angewaza kingine, basi wiki ile tukapika pombe, majogoo wakachinjwa, na wazazi wa Agness kule Mikumi, waliokuwa wanasuasua kwamba hawaozi binti yao kwa mwanajeshi asiye na cheo, wakapokea posa siku hiyo hiyo waliyosikia. Wengi wenu mlioko hapa mlicheza mpaka mkadondoka. Dotto alipotoka likizo akashuka Kilosa kutusalimu, akakuta watu bado wanamwita kaka yangu baba koplo, akauliza koplo yupi, tukamweleza, akakaa chini akasema, shangazi, alichoongezewa ni muda.

Wakubwa wake jeshini walimwambia mafundi wa malori yale ni wachache, kwa hiyo ataendelea miaka mitatu, hakuulizwa wala hakutia sahihi mara ya pili. Alifunga ndoa na Agness huko Mikumi tarehe 7 Januari 1989, kwa likizo fupi na bega tupu, wakwe wakamtazama lile bega misa nzima, lakini posa ilikuwa imeshaliwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tumwagile aliyezaliwa tarehe 12 Oktoba 1989 na Goodhope aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1992, ambao baba yao walimjua kama mgeni anayekuja na sabuni.

Tangu ule Julai kaka yangu hakutia tena komeo mlango wa nyumba hii, alisema mtoto akiachiwa asije akagonga kama mgeni, na alipofariki tarehe 19 Februari 1990, Cleopa akaruhusiwa kuja udongo wa kaburi ukiwa umeshakauka, mimi nikaendelea kuuacha mlango vile vile. Mwaka 1991 akaongezewa tena, miaka mingine mitatu. Safari hii hatukupika pombe, mimi na Agness tulikwenda wenyewe mpaka kwenye geti la kambi yao, ofisa mmoja akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, nikaitikia marahaba, akanikatalia. Akasema mama, mkataba una pande mbili, nikamwambia basi upande wa Cleopa umechoka, akacheka kwa adabu, akasema upande huo haujaulizwa, kisha akatuagizia chai na maandazi. Anayekufukuza unaweza kumtukana, anayekupa chai utamfanya nini, tulikunywa tukarudi.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagundulika ni figo, akaomba aachiwe, akajibiwa kwamba ombi litaangaliwa muda wake ukiisha. Agness alikwenda kumuuguza, na jambo la mwisho la maana marehemu alilomwambia ni kwamba ile mashine ya Urbanus pale Tindiga, iliyojengwa kwenye kiwanja kilichokuwa chake, mkanda wake umekaa upande na utakatika, waambiwe wausogeze. Alifariki tarehe 6 Novemba 1993, muda ukiwa haujaisha. Hivyo ndivyo alivyoikimbia nyumba yake. Urbanus, ukasogeze mkanda.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi, walijitahidi kwa kilichokuwepo, nawashukuru majirani wa Masanze kwa maji na kuni, hata mlionong'ona, maana ndoo mlibeba. Vijana wa kikosini kwake, mmelileta jeneza bila kuliyumbisha, asanteni, si nyinyi mlioamua, na walioamua hawakuja, wangekuja wangeniamkia shikamoo. Dotto, wewe mkataba wako unaisha lini sikuulizi.

Cleopa mwanangu, pumzika kwa amani, huko hakuna wa kukuongezea.

Sasa jeneza litoke, Agness na watoto wafuate, nanyi nyote mtoke nyuma yao. Mimi natoka wa mwisho, na mlango huu naufunga.