Leo Nani Kaamka: Maisha ya Tabibu Sosamma wa Ranni

Ndugu waombolezaji, mbele yetu amelala Tabibu Sosamma. Aliyeombwa kumsomea wasifu ni mumewe, Mwalimu Ittiyavira, aliyefundisha hesabu hadi kustaafu na hajui kupika hata chai. Mnivumilie.

Marehemu alizaliwa hapa Ranni tarehe 9 Agosti 1947, mtoto wa tatu wa Tabibu Kochuthommen na Bi Achamma. Alijifunza kupima mapigo ya damu kabla ya kujua kusoma, tena alianzia kwa mbuzi, maana watu walimkimbia.

Alisoma shule ya wasichana hapa hapa hadi mwaka 1963, kisha akaenda chuo cha Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, huko Thiruvananthapuram, akahitimu mwaka 1969. Mwaka uliofuata alianza kutibu kwenye baraza ya baba yake. Wagonjwa walitaka waambiwe asili yao ni upepo, au moto, au maji, basi, waende zao. Yeye aliwaambia kwamba wengi wetu tuna asili mbili ndani ya ngozi moja. Kazi ni kujua ipi imepanda msimu huu, kisha kuituliza bila kuichokoza nyingine. Wengine walinuna, lakini walirudi.

Mwaka 1971 Mwalimu alikwenda kumwona kwa ajili ya uchumba, akiwa na wajomba zake. Binti akawaletea wajomba chai, bali mposaji akaletewa maziwa ya vuguvugu.

"Mbona mimi sipati chai?"

"Midomo imekupasuka, macho mekundu. Una upepo na moto wewe. Chai kali ukanywe kwa mwanamke mwingine."

Mjomba mmoja alipaliwa. Ndoa ilifungwa tarehe 17 Januari 1972, na huyo mwanamke mwingine hakutafutwa tena.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kubandika sufuria, marehemu aliuliza, "Mwalimu, leo nani kaamka?" Magoti yakiuma, kaamka upepo: uji wa moto wenye samli. Tumbo likichoma, kaamka moto: maji ya dafu na uji uliopoa. Msimu mmoja wa mvua alisafiri, na mumewe akajitibu magoti kwa tangawizi na pilipili manga kama mtu anayelipa kisasi. Marehemu aliporudi alimkuta mdomo umejaa vidonda, hawezi kusema.

"Ah, nyumba ina raha leo!" alisema. "Upepo umeufukuza, moto umeupa rungu." Akamlisha samli mpaka akapona, kwa sababu samli haigombani na yeyote kati yao.

Mwezi Machi 2023 alionekana ana uvimbe kwenye ini. Alikubali hospitali na dawa zao zote. Juni akasema inatosha, anataka kubaki nyumbani. Binti yetu Suja, ambaye ni muuguzi, alilia sana. Mwana wetu Rejimon alipiga simu kutoka Muscat: "Appa, mrudishe hospitali! Utamwacha hivi hivi?" Mumewe aliogopa kumpeleka, akaogopa kutompeleka.

Tarehe 22 Julai, mvua ya Karkidakam, mwezi wetu wa masika, ikinyesha, hali ilibadilika, na gari la wagonjwa likaitwa. Lilipofika mlangoni, mumewe aliketi kitandani akauliza yeye, kwa mara ya kwanza: "Sosa, leo nani kaamka?"

Alijishika mwenyewe mkono wa kushoto, vidole vitatu juu ya mapigo, kama alivyowashika wagonjwa wake. Akasikiliza.

"Wamelala wote," alisema. "Usiwaamshe, Mwalimu."

Nikatoka nje kwenye mvua, nikamwambia dereva arudi. Alifariki siku hiyo saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha mume, binti yake Suja, mwanawe Rejimon, wajukuu wanne, na dada yake Kunjamma. Rejimon, mwanangu, uliniuliza kama nitamwacha hivi hivi. Nilimwacha alale.

Na alale kwa amani, mpaka atakapoamshwa na Yeye peke yake mwenye ruhusa ya kumwamsha.