Bi. Mwanaamina binti Haidari, Aliyeshuka Garini Kabla ya Kila Kivuko

Wazee wetu, ndugu, majirani, na nyinyi mliovuka mto tangu jana kuja Chumbi kumsitiri mama yetu, ahsanteni. Maisha haya yameandikwa na mwanawe wa kwanza, Mwamvua, na yanasomwa na Abdalah, anayemfuatia.

Bi. Mwanaamina alizaliwa Dimani mwaka 1938, mpunga ukiwa karibu kuvunwa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Haidari na Bi. Habiba. Aliyemtangulia ni kaka yake, Sadala. Tarehe haikuandikwa. Bibi yetu alikuwa akisema tu kwamba mwaka ule ndege walikula nusu ya shamba, kwa sababu aliyetakiwa kuwaamia na kuwafukuza alikuwa ndani anajifungua. Kila mavuno yalipopungua, Mzee Haidari alimtazama binti yake na kusema, "Mdeni wangu huyu."

Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Dimani na kuhitimu akiwa na miaka kumi na miwili. Shule ya serikali hakwenda. Mwaka 1974 aliingia darasa la watu wazima hapa Chumbi, na kitu cha kwanza alichosoma mwenyewe bila kusaidiwa kilikuwa bango la kivukoni lililowataka abiria washuke kwenye magari kabla ya kupanda pantoni. Alilisoma mara mbili kwa sauti, kisha akasema, "Kumbe na wao wamenifuata."

Aliolewa mwaka 1955 na marehemu Mzee Abbasi Nassibu wa hapa Chumbi, akavushwa mto kuja kwa mumewe. Mungu aliwajaalia watoto watatu: Mwamvua mwaka 1957, Abdalah mwaka 1960 na Tatu mwaka 1966. Walilima pamoja mpunga bondeni mpaka mzee alipofariki mwaka 1984.

Neno lile la "wamenifuata" lina asili yake. Mwaka 1959 Bi. Mwanaamina alikuwa akirudi kutoka kwao Dimani kwa lori, akisindikizwa na kaka yake Sadala, na Mwamvua mapajani. Walipofika kwenye maji kulikuwa na manyunyu; lori likapanda pantoni, na watu wote walibaki juu yake chini ya turubai. Mtoto akaanza kulia anataka kukojoa.

"Mbane kidogo, dada, tunavuka sasa hivi," Sadala alisema.

"Nimbane halafu anilowanishe mimi? Nishushe."

Akashushwa, akaenda kando ya pantoni na mtoto wake. Kabari zilizozuia magurudumu zikateleza, lori likarudi nyuma, likaingia majini na watu wake. Maiti ya Sadala ilipatikana kesho yake, mbali kule mto unakoelekea. Tangu siku hiyo Bi. Mwanaamina hakuvuka tena maji akiwa ndani ya gari, wala hakukubali mtu wake avuke hivyo, iwe mvua au jua, usiku au mchana. Na alimwambia Mwamvua mara nyingi, hata mbele ya wakwe siku ya harusi yake, "Mimi na wewe tunaishi kwa mkojo wako." Bibi harusi alitamani ardhi ipasuke. Wakwe walicheka mpaka kanga zikawadondoka.

Miaka ya ruksa ilipoingia na biashara zikafunguliwa, Bi. Mwanaamina aliwalea wanawe na wajukuu kwa mikeka ya ukili. Alisuka mwenyewe, akanunua na ya wenzake, akaipeleka Kariakoo na kurudi na nguo, sabuni na sufuria. Makonda wote wa njia ya Kibiti walimjua kwa jina la Bi. Nishushe. Basi likikaribia kivuko cha Ndundu, konda alipaza sauti, "Dereva, mwenye mto wake amefika! Simamisha kabla hajatuchapa!" Naye hujibu akiwa tayari mlangoni, "Nikuchape wewe una nyama wapi? Shuka na wewe, mwanangu, mama yako bado anakuhitaji." Wengi walishuka kwa kumcheka tu. Lakini walishuka.

Mwezi Aprili 1987 Mwamvua alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe, Abdulaziz, alifanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Kilosa, na alitaka mtoto azaliwe kwake. Bi. Mwanaamina alisema safari hiyo hamwachii mtu. Wakapanda treni Dar es Salaam. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kupanda treni.

Asubuhi yake, mvua ikinyesha, treni ilisimama porini mbele ya daraja dogo. Masika ndivyo ilivyokuwa: husimama kwanza, kisha huvuka polepole. Bi. Mwanaamina alichungulia dirishani, akaona maji mekundu yanakwenda mbio. Akajifunga kanga kiunoni, akatwaa kapu lake.

"Mwamvua, inuka. Tumefika pa kushuka."

"Mama, hii ni treni. Treni haishukwi njiani."

"Maji ni maji."

Abiria mmoja Mnyamwezi, aliyekuwa akimtania tangu usiku, alisema, "Bibi, unatafuta pantoni? Ya kwanza imejaa, ngoja ya pili!" Behewa zima likaangua kicheko.

"Cheka, mtani wangu," alimjibu. "Ila kicheko chako kiweke akiba, unicheke tukiwa ng'ambo."

Akashuka. Mwamvua alibaki mlangoni na tumbo lake. Aliyafikiria majani marefu, tope, na uchungu unaoweza kumshika mtu popote. Aliiona akilini treni ikienda zake na kuwaacha wawili porini. Aliona aibu pia, maana watu walikuwa wamejaa madirishani. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kumnyooshea mkono, na mkono ule hajawahi kuukatalia. Akashuka.

Gadi wa treni alikuja mbio. "Mama, panda! Tunaondoka!"

"Nendeni, baba. Tutawakuta ng'ambo."

"Treni haikutwi, mama!"

"Basi itungoje. Mimba hii ina mwenyewe, yuko Kilosa ananingoja. Nimwambie niliivusha maji ikiwa imekaa ndani ya treni?"

Gadi aliitazama mvua, akalitazama tumbo. Kuwaacha hawezi, kuwabeba hawezi. Akampungia dereva mkono asubiri, akachukua kapu. "Haya, nawavusha mwenyewe. Upesi tu, mama yangu."

Walipita kwenye mbao zilizo ubavuni mwa daraja, gadi mbele, Mwamvua katikati, Bi. Mwanaamina nyuma ameshika kanga ya mwanawe. Karibu na mwisho gadi alisimama. Kapu likamdondoka. Maji ya milimani yalikuwa yameumega udongo wote chini ya reli ng'ambo ya daraja. Reli na mataruma yake vilikuwa vinaning'inia hewani kama ngazi iliyolazwa. Gadi aliwakingia mikono wasisogee hata hatua, kisha akachomoa bendera nyekundu na kurudi mbio, anaipunga na kupiga kelele.

Treni ilirudishwa nyuma mpaka stesheni, na hakuna aliyeumia. Yule mtani alimfuata Bi. Mwanaamina, akaketi chini mbele yake. "Bibi, nakuomba. Pengine pa kushuka ni wapi, niambie mapema."

Zipo habari zinazosemwa kwamba Bi. Mwanaamina alioteshwa, au alisikia kitu. Mwenyewe alizikataa maisha yake yote. Gadi alipomuuliza alijuaje, alimjibu, "Sikujua, baba. Nilidhani kila penye maji watu hushuka." Tunaomba akumbukwe kwa maneno yake hayo na si kwa mengine. Hakuwa mganga. Alikuwa na desturi moja, na hakuivunja kwa kuchekwa. Mjukuu wake Muzdalifa alizaliwa Kilosa salama, tarehe 19 Mei 1987, mikononi mwake.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Oktoba 1998. Miguu ilivimba, akaacha shamba, kisha akaacha kusuka. Tarehe 8 Februari mwaka huu alipelekwa hospitali Dar es Salaam. Pale Ndundu hakuweza tena kusimama, ila alikataa kuvuka garini. Abdalah alimshusha kwa kiti na kumweka kwenye pantoni, jua likiwaka, Tatu akimkinga kwa kanga. Hapo alimshika Mwamvua mkono akasema, "Nikirudi, mje kunishusha." Mwamvua akamwitikia.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 29 Aprili 1999, akiwa na miaka ipatayo sitini na mmoja. Alikufa akiwa ametulia, na shahada mdomoni. Alioshwa na kukafiniwa huko huko, na safari ya kurudi ikaanza. Njia ilikuwa tope tupu, na gari lilifika Ndundu jana jua likielekea kuzama. Dereva alikuwa na haraka, na haki yake. "Dada, tuvuke naye humu humu," alimwambia Mwamvua. "Maiti haogopi maji."

"Haogopi," Mwamvua alisema. "Lakini aliniagiza, na mimi nilimwitikia."

Abdalah alifungua mlango wa nyuma. Jeneza likateremshwa, likabebwa mabegani mpaka kwenye pantoni, likavuka juu ya mabega ya wanawe na majirani zake. Gari lilifuata likiwa tupu. Nyuma yetu lilikuwepo basi la Kilwa. Konda wake alipoliona jeneza aliuliza ni nani, akaambiwa. Akageuka akapiga ubavu wa basi kwa kiganja. "Shukeni wote! Bi. Nishushe anavuka!" Wakashuka, hata wazee, hata waliokuwa wamelala. Hakubaki mtu garini.

Bi. Mwanaamina ameacha watoto watatu, Mwamvua, Abdalah na Tatu, mkwewe Abdulaziz, wajukuu kumi na mmoja, Muzdalifa akiwemo, na kitukuu mmoja. Leo Ijumaa, tarehe 30 Aprili, baada ya sala, analazwa kando ya mumewe.

Mwenyezi Mungu amsamehe, aipanue nyumba yake mpya, na ampokee ng'ambo alikotangulia. Nanyi mtakaorudi kwenu leo, mkifika kivukoni, tafadhalini, shukeni.