Japani Inasubiri Saa Kumi

Mnisamehe mapema, hadithi hii nitaisimulia vibaya. Kila nikiikumbuka natetemeka, na mtu anayetetemeka hasimulii, anamwaga. Ilikuwa Jumapili ya mwaka tisini na tatu, mjini Lodwar, kwenye pembe ya kinu cha posho, ambapo Atabo aliuza kahawa. Benchi lake lilikuwa na mguu mmoja uliolegea tangu mwaka jana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeufunga barabara kwa mikono yangu, na hakuna aliyenishukuru. Tumeketi, Lomunokol akaja mbio. Sisi tunamwita Taarifa, kwa sababu hajawahi kufika mahali akitembea.

— Ejok! Mmemwona yule mtu wa Kitale kule msituni kwa mto?

— Ejok-nooi, salamu tumepokea. Pumua kwanza, akasema Atabo. Mtu gani?

— Ana betri ya gari, na gari hana! Jana nilijificha nikamsikiliza. Anaongea na kisanduku. Na kisanduku kinamjibu!

— Hiyo ni redio, nikasema. Hata mimi ninayo.

— Wewe Nabei, redio yako umewahi kuisalimia ikakuuliza habari za kwako?

Nikapuliza kahawa yangu.

— Kilimjibu nini? akauliza Atabo.

— Ati kiko Japani! Kikauliza kama Lodwar kuna joto!

Atabo akamwagia meza kahawa.

— Mungu wangu! Nairobi hawatujui, Japani wanatujulia hali?

Kuol, aliyeketi kando yangu, alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na karatasi ya ruhusa ya siku tatu, kuja kung'olewa jino. Shavu lilikuwa limevimba kama andazi.

— Huyo anaita ndege, khalas. Kule kwetu mtu akiongea na sanduku, kesho mahindi ya msaada inaanguka kutoka juu.

— Ya Japani itakuwa mchele, akasema Atabo. Niweke sufuria wapi?

Nikaona naachwa nyuma.

— Nyinyi mnacheza! Huyo anauza mto. Jumatatu tutaamka tukute Turkwel imekunjwa, imepakiwa kwenye lori, iko Kainuk kwenye kizuizi inaulizwa kitambulisho!

— Mto unakunjwaje, wewe?

— Wajapani wameshindwa kukunja nini? Redio si waliikunja ikaingia mfukoni?

— Basi tumshike! akaruka Taarifa.

Hatukuhitaji kwenda. Alikuja mwenyewe, shati limejaa miiba, jasho linamtiririka.

— Hamjambo, wazee. Mimi ni mwalimu Makokha, nafundisha fizikia Kitale. Leseni ya redio ninayo, niliisubiri miaka miwili. Likizo huwa naingia msituni na mtambo mdogo, naongea na walimwengu. Ni mchezo tu.

— Na Japani? akanong'ona Atabo.

— Rafiki yangu wa huko ananisubiri leo saa kumi. Ameita wenzake arobaini, hakuna aliyewahi kusikia mtu kutoka hapa. Na lori langu linaondoka kesho asubuhi. Lakini nimekosea, wazee. Nilitundika waya kwenye mti bila kuuliza. Leo mchunga mbuzi mmoja ameniambia kwamba kule mtoni kila kipande cha msitu kina mwenyewe.

— Tunakiita ekwar, akasema Taarifa. Miti ni ya familia. Na mbegu zake, na kila kinachoning'inia.

— Sasa waya haupo, na bila huo redio ni bubu. Sitaki ugomvi. Nauliza tu: ule mti uliopinda karibu na kivuko ni wa nani?

Atabo akachungulia ndani ya birika. Taarifa, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na taarifa. Kivuko chote kinajua kwamba mti ule ni wa marehemu baba yangu, na sasa ni wangu. Alfajiri nilikuta waya mrefu unang'aa humo, nikajua mti wangu umenizalia.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

— Simameni, nikasema.

— Kwa nini?

— Simameni tu!

Nikapiga magoti nikaanza kufungua waya kwenye mguu wa benchi. Kuol alichelewa kusimama. Benchi likaanguka, birika likaruka, Kuol akatua kwa shavu, na jino likatoka lenyewe bila daktari.

Tukakimbia wote hadi mtoni. Saa kumi na dakika kumi waya ulikuwa juu, kisanduku kikakohoa, na haki ya Mungu, kikaongea! Mwalimu akasema Kiingereza kirefu, kisanduku kikacheka, akanigeukia.

— Wanauliza jina lako.

Mimi! Japani! Nikanyoosha kola, nikasogea.

— Nabei! N, A, B, E, I!

Sauti zikarudia moja baada ya nyingine: Nabei, Nabei, Nabei. Machozi yakanilenga.

— Wanalitakia nini, mwalimu?

— Waliuliza kwa nini nimechelewa. Nikasema waya ulichukuliwa ukafungia benchi. Wakauliza na nani.

Basi ndugu zangu, mtu wa kwanza wa Lodwar kuandikwa Japani ni mimi, kwa wizi wa waya, na herufi niliwapa mwenyewe, moja moja, wasikosee.